Nembo nzuri ni ile ambayo mteja huikumbuka bila kuisoma

Na Mwandishi Wetu, Tarime

MFANYABIASHARA anayesindika unga, asali au kahawa katika Kata ya Nyanungu, wilayani Tarime mkoani Mara, huuza bidhaa yake kando ya nyingine nyingi zinazofanana nayo, zikiwamo zinazovuka mpaka kutoka Kenya. Mteja aliyeridhika akirudi dukani asiweze kuitambua, huondoka na ya jirani, na aliyeitengeneza hupata hasara asiyoiona.

Nembo ndiyo dawa ya tatizo hilo, lakini wengi hukosea kwa kutaka ieleze kila kitu. Hujaza mlima, shamba, jembe, jina refu na namba ya simu ndani ya duara moja. Kazi ya nembo si kueleza, bali kutambulisha.

Mfano ulio wazi uko katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Saruji ya Wazo Hill, Dar es Salaam, hujulikana kwa alama ya Twiga, ya Tanga kwa Simba na ya Mbeya kwa Tembo. Mnunuzi hahitaji kutaja jina la kampuni. Hutaja mnyama, na muuzaji humwelewa mara moja.

Hata hivyo, mnyama achaguliwe kwa uangalifu. Koo nyingi za Wakurya zina mnyama wake wa jadi, hivyo nembo yenye mnyama huyo yaweza kuonekana ya ukoo mmoja machoni pa wateja wa ukoo mwingine. Ni busara kuwauliza wazee kabla ya kumlipa mchoraji.

Gharama kubwa nayo si sharti. Alama ya kampuni ya Nike ya Marekani ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi, Carolyn Davidson, aliyelipwa dola 35. Ni mchirizi mmoja tu, wala hauna picha ya kiatu.

Kabla ya kuikubali nembo, ipimwe kwa njia tatu. Kwanza, ichorwe kwa rangi nyeusi pekee, kwa kuwa itatumika pia kwenye mhuri na stakabadhi. Pili, ipunguzwe hadi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Maandishi yakipotea, yaondolewe. Tatu, waonyeshwe watu wachache kwa muda mfupi, kisha kesho yake waombwe kuichora. Watakachokumbuka ndicho kiini cha nembo hiyo.

Ipo pia mipaka ya kisheria. Nembo ya Taifa haitumiki katika biashara bila idhini, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) huwekwa tu na aliyepewa leseni ya kuitumia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni usajili. Kusajili jina la biashara hakulindi nembo. Kwa Tanzania Bara, nembo husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, na mwombaji hutaja daraja la bidhaa yake kati ya madaraja 45 ya kimataifa; kahawa, unga na asali vyote vimo katika daraja la 30. Ulinzi wa awali ni wa miaka 7, na kila unapohuishwa huwa wa miaka 10.

Usajili huo hauvuki mpaka. Anayeuza Kenya hana budi kuisajili nembo yake huko pia, na Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Asiyefanya hivyo aweza kuijengea sifa nembo yake kwa miaka mingi, kisha akajikuta katika mgogoro na mtu aliyemtangulia kuisajili.