Kizunguzungu cha sikio: je, kunyoosha shingo ni tiba?

Baadhi ya wagonjwa wa kizunguzungu huwaendea wanyooshaji wa uti wa mgongo, wakitumaini kwamba shingo ikinyooshwa, sikio nalo litapona. Fani hiyo, kairopraktiki, ilianzishwa mwaka 1895 mjini Davenport, Marekani, na D. D. Palmer, aliyedai kumrudishia mtu uwezo wa kusikia kwa kusukuma pingili ya mgongo wake.

Shingo iliyokakamaa yaweza kuchangia kizunguzungu, lakini mara nyingi chanzo kimo ndani ya sikio, kama alivyoeleza daktari Mfaransa Prosper Ménière mwaka 1861. Katika aina iliyoenea zaidi, chembe ndogo za chokaa huchopoka na kuingia katika mirija inayopima mwendo wa kichwa. Mwaka 1992 daktari Mmarekani John Epley alichapisha namna ya kuzirudisha: mgonjwa hulazwa na kichwa chake kugeuzwa kwa hatua, bila kuvutwa.

Kinyume chake, kusokota shingo kwa ghafla kwaweza, ingawa ni nadra, kuchana mshipa upelekao damu ubongoni na kuleta kiharusi. Kizunguzungu kinachoandamana na ulimi mzito, kuona viwili au ganzi ya upande mmoja ni cha kukimbizwa hospitali.