Chanjo ya Malaria: Kwa Nini Sindano Nne

Tarehe 2 Aprili 2025 Serikali ya Uganda ilizindua chanjo ya malaria wilayani Apac, kaskazini mwa nchi, mahali ambapo wachunguzi waliwahi kukadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vijidudu zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Wizara ya Afya mjini Kampala ilipanga kuifikisha chanjo hiyo, iitwayo R21, katika wilaya 105, kwa watoto wapatao milioni 1.1 walio chini ya umri wa miaka miwili. Kila mtoto hudungwa mara nne: akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18.

Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini sindano nne, ilhali ya kifua kikuu ni moja tu.

Chanjo hiyo haina kijidudu cha malaria ndani yake. Ina chembe ndogo mno. Elfu kumi zikipangwa mstari mmoja hazifiki milimita moja. Juu ya kila chembe imo protini ya gamba la kijidudu, imerudiwa mara nyingi, na wingi huo ndio wenye maana. Seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, hushtuka zaidi zinapogusana na adui mahali pengi kwa wakati mmoja. Hata hivyo hazifanyi kazi hiyo vizuri peke yake. Seli B huimeza chembe, huikatakata, kisha huvionyesha vipande vyake kwa seli T, ambayo imekwisha fundishwa na seli za doria kumtambua adui yule yule. Zikiafikiana, seli B huzaana kwa wingi katika tezi, na zile zitoazo kingamwili yenye kunasa barabara ndizo ziendelezwazo. Kichocheo kilichochanganywa katika chanjo, kitokanacho na magome ya mti wa Chile, husaidia kuziita seli hizo mkutanoni.

Mkutano huo huchukua majuma. Kijidudu nacho chaweza kufika kwenye ini kabla ya saa moja kwisha tangu mbu aume. Kwa hiyo kingamwili haina budi kuwamo damuni mapema. Nayo hupungua kadiri miezi ipitavyo. Sindano ya nne huziamsha seli za kumbukumbu na kuipandisha tena.

Katika majaribio ya Kilifi, Bagamoyo na Dandé, Burkina Faso, chanjo hiyo ilipunguza malaria kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Si haba, lakini chandarua bado chahitajika. Tatizo ni kwamba mtoto wa miezi 18 huwa anakimbia uani, mzima wa afya, na safari ya kituo cha afya huonekana yaweza kungoja.