Gari Likikwama, Tusilichimbie Kaburi



Gari likikwama kijijini, watu hawaitwi. Wanakuja wenyewe. Mkulima anaacha jembe, mchungaji anaacha ng'ombe, wote wanakwenda kusukuma. Hiyo ni desturi nzuri na tusiiache. Lakini kusukuma bila maarifa kunaweza kulizamisha gari zaidi, na kunaweza kumuumiza mtu. Leo tujifunze namna ya kulitoa gari lililokwama kwenye mchanga au tope.

YALIYOTUPATA KORONGONI

Mwezi wa Desemba mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka kijiji kimoja cha mkoa wetu wa Singida. Tulikuwa tumepeleka vitabu na kutembelea madarasa ya kisomo. Garini tulikuwa watatu, yaani dereva na sisi maofisa wawili wa elimu ya watu wazima. Njiani tulimpakia mama mmoja mjamzito aliyekuwa anakwenda kituo cha afya, pamoja na mama mkwe wake.

Tukafika kwenye korongo. Lilikuwa kavu kabisa, mchanga mtupu toka ukingo huu hadi ukingo ule. Dereva akasema, "Tunapita." Kufika katikati, gari likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, mchanga ukaruka, gari likashuka. Akakanyaga tena, likashuka tena.

Vijana waliokuwa wananywesha ng'ombe wakaja mbio. "Moja, mbili, tatu!" Wakasukuma. Dereva naye akazidi kukanyaga. Baada ya robo saa, ekseli ya nyuma ilikuwa imelala juu ya mchanga na magurudumu yalikuwa yamefukiwa nusu.

Ndipo akaja mzee mmoja na mkokoteni wake wa ng'ombe. Ujana wake alikuwa utingo wa malori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, walimu. Hapo mnachimba kisima?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa vilima, kule korongo linakotoka. Wingu zito lilikuwa limetanda kule.

"Huyo mama atoke korongoni kwanza," akasema. "Gari baadaye."

Tukampeleka mama ukingoni, chini ya mti. Kisha mzee akamwambia dereva, "Zima, mwanangu. Kila ukikanyaga unalichimbia kaburi."

Tulifanya kazi kwa muda usiofika saa moja, na gari likatoka. Alichotufundisha mzee, pamoja na tuliyojifunza baadaye, tunakieleza hapa.

KWA NINI GARI HUZAMA

Chembe za mchanga mkavu hazishikani. Simama juu ya lundo la uwele uone. Punje zinakimbia pembeni na miguu inazama. Gurudumu nalo ni hivyo hivyo. Likisogea mbele polepole linaweza kupita. Likizunguka mahali pamoja linageuka kuwa jembe. Linautupa mchanga nyuma na kujichimbia shimo.

Jambo la pili ni difu. Katika magari mengi injini inapeleka nguvu kwenye magurudumu mawili kupitia difu. Nguvu hiyo ni kama maji, inafuata penye wepesi. Gurudumu moja likikosa pa kushika, ndilo linalozunguka. Jingine lililo mahali pagumu linasimama tu. Kwa hiyo si kwamba gari halina nguvu. Nguvu ipo, ila inakwenda kwenye gurudumu ambalo halishiki chochote. Kazi yetu ni kulipa gurudumu hilo kitu cha kushika.

HATUA ZA KULITOA GARI

1. Acha kukanyaga mafuta mapema. Gari likikataa kusonga, dereva aache mara moja. Gari lililozama vidole vinne hutoka kwa kazi ndogo. Lililozama hadi ekseli ni kazi kubwa.

2. Watu washuke, na mzigo mzito ushuke. Wagonjwa, wajawazito, watoto na wazee waende ukingoni, mahali pa juu. Hili halina mjadala.

3. Zunguka gari utazame. Gurudumu lipi limezama? Ardhi ngumu iko wapi? Mara nyingi njia nyepesi ni kurudi nyuma, kwa kuwa mchanga wa nyuma umeshashindiliwa na magurudumu yenyewe.

4. Chimba. Tumia sepetu, jembe, hata sahani. Ondoa mchanga ulio upande ambao gari litatokea, mbele au nyuma ya kila gurudumu. Tengeneza mteremko mrefu na laini ili gurudumu lipande taratibu. Ondoa pia mchanga uliogusa ekseli, difu na tumbo la gari. Tumbo likilala juu ya mchanga, magurudumu hayana uzito wa kushikia. Nyoosha magurudumu ya mbele, maana yakipinda yanasukuma mchanga kama plau.

5. Punguza upepo kwenye matairi. Sisi tulishangaa mzee aliposema hivi, lakini ni kweli. Tairi lenye upepo kidogo linatandazika na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Kwa gari dogo au pikapu yenye upepo wa 30 hadi 35, unaweza kushusha hadi 18 au 20. Lakini kuna masharti. Ukishatoka, nenda polepole, usikate kona kwa ghafla, na ujaze upepo mapema. Tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa linapata moto na kupasuka, au linachomoka kwenye ringi. Kama hamna pampu, fikiri mara mbili. Na lori lenye mzigo tusiliguse upepo. Dawa yake ni kushusha mzigo.

6. Weka kitu cha kushika. Mzee alichomoa mbao mbili za mkokoteni wake. Kama hakuna mbao, tumia magunia, mawe madogo, au mabua ya mtama na alizeti. Visukume vikae kabisa chini ya tairi, visiwe mbele yake tu. Tusitumie matawi ya mgunga. Gari litatoka, lakini litatoka na pancha. Kama maji yapo, mwagia mchanga mkavu, kwa sababu mchanga wenye unyevu unashikana.

7. Toka taratibu. Dereva aweke gia nzito, na kama gari lina gia ya magurudumu manne, aiweke kabla ya kuanza. Aachie klachi polepole. Wasukumaji wasukume kwa pamoja, kwa sauti ya mtu mmoja. Gari likianza kusonga, lisisimame hadi lifike ardhi ngumu. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, acha. Rudini kuchimba. Usione aibu kuchimba mara tatu.

Kama gurudumu limezama sana, liinue kwa jeki, ujaze mawe chini yake. Chini ya jeki weka ubao mpana, la sivyo jeki yenyewe itazama.

Na waendesha bodaboda je? Abiria ashuke. Dereva naye ashuke, atembee pembeni ya pikipiki huku injini ikivuta kidogo kidogo.

KWENYE TOPE LA MBUGA

Barabara kuu ya kutoka Dodoma kupita Singida hadi Nzega ina lami. Lakini vijiji vingi viko mbali na lami. Wakati wa masika, ukiingia kwenye ardhi nyeusi ya mbuga, kama ile ya bonde la Wembere, unakutana na adui mwingine.

Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa. Ukipata maji unavimba, unateleza, na unaganda kwenye tairi mpaka meno ya tairi hayaonekani. Tairi la namna hiyo ni kama mguu uliopakwa sabuni. Hapa kupunguza upepo hakusaidii sana. Kwanza kwangua tope kwenye matairi kwa panga au kijiti. Chota tope na maji yaliyo kwenye shimo la gurudumu. Kisha jaza mawe na mabua mpaka yafike chini kwenye udongo mgumu. Mnyororo au kamba nene iliyozungushwa kwenye tairi nayo inasaidia kushika, ila ifungwe vizuri na ifunguliwe mara gari likitoka.

Lililo bora zaidi ni kutazama kabla ya kuingia. Dereva ashuke, atembee kwa miguu pale anapotaka kupita. Wenyeji waulizwe. Dakika tano za kutembea zinaokoa nusu siku ya kuchimba.

HATA JANGWANI WALIJIFUNZA HIVYO

Mambo haya hayakuanza kwetu. Katika miaka ya 1929, 1930 na 1932, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Ralph Bagnold alisafiri na wenzake katika Jangwa la Libya, ambalo liko katika nchi za Misri, Libya na Sudan. Walitumia magari ya Ford ya kawaida. Hayakuwa na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Watu wengi waliamini kwamba gari haliwezi kuvuka vilima vya mchanga vya kule. Wao walivuka.

Walifanyaje? Walipunguza upepo kwenye matairi. Walijifunza kuusoma mchanga, upi mgumu na upi laini. Na walipokwama walichimba, wakaweka vyuma virefu chini ya magurudumu. Vyuma vya kwanza walivipata kwa muuza vyuma chakavu mjini Cairo. Vilikuwa vimetengenezwa kwa kuezekea mahandaki ya vita. Mwaka 1941 Bagnold alitoa kitabu kuhusu namna mchanga unavyosafiri kwa upepo, na wataalamu wanakitumia hadi leo.

Tazama basi, ndugu msomaji. Ofisa yule wa jangwani na mzee wetu wa mkokoteni hawakuonana kamwe. Lakini dawa yao ni ile ile: chimba, punguza upepo, weka kitu cha kushika, toka polepole.

MAMBO YANAYOUA WATU

Gari likikwama si hasara kubwa. Hasara kubwa ni mtu kufa kwa ajili ya gari. Tuyajue mambo manne.

Kwanza, korongo. Korongo kavu linaweza kujaa bila mvua kunyesha pale mlipo. Mvua inanyesha vilimani, maji yanashuka kwa ghafla. Mkiona wingu kule korongo linakotoka, au mkisikia mvumo, acheni gari, pandeni ukingoni. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magoti tu, yanamwangusha mtu mzima. Yakifika kina cha sentimeta 60, yanaweza kuyachukua magari mengi. Kwa hiyo gari lisivuke korongo lenye maji yanayokwenda kasi. Kungoja si woga.

Pili, kamba na mnyororo. Maksai au trekta wanaweza kulivuta gari, na kwetu maksai wapo. Lakini mnyororo ukikatika unarudi kama mjeledi wa chuma. Fungeni kwenye chesisi. Msifunge kwenye bampa. Wekeni gunia zito juu ya mnyororo, katikati, ili ukikatika uanguke chini. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo wenyewe. Maksai waanze kuvuta polepole, wala gari lisirushwe kwa ghafla.

Tatu, mahali pa kusimama. Msukumaji asisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka, wala mbele ya gari. Ubao au jiwe likitupwa na tairi linavunja mguu. Sukumeni kwenye pembe za gari, na watoto wakae kando.

Nne, jeki. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni magogo au mawe makubwa kwanza.

VITU VYA KUCHUKUA

Kila gari linalokwenda vijijini liwe na sepetu, mbao mbili ngumu, kamba nene, jeki na ubao wake, pampu, na maji ya kunywa. Vitu hivi si ghali kama kulala porini na mgonjwa.

MWISHO WA SAFARI YETU

Mama yule tulimfikisha kituo cha afya jioni. Alijifungua salama usiku ule ule, mtoto wa kike.

Mbao za mzee tulikuwa tumeziazima, maana mbele yetu kulikuwa na korongo jingine. Kesho yake asubuhi dereva alirudi kumpelekea. Akafika ukingoni, akasimama. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yanapita kwa kasi pale pale gari lilipokuwa limekwama. Na pale ukingoni haikuwa imenyesha hata tone. Alingoja hadi alasiri maji yapungue ndipo akavuka kwa miguu, mbao mabegani.

Alipotaka kumpa mzee pesa kidogo ya soda, mzee alikataa. Alisema, "Waambie walimu waliandike hilo kwenye gazeti lao, vijana wasome."

Basi, mzee wetu, tumeandika.

TUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gurudumu linalozunguka mahali pamoja linazidi kuzama?
2. Gari likikwama korongoni, ni nani wa kutolewa kwanza? Kwa nini?
3. Taja mambo mawili yanayotofautisha mchanga na tope la mbuga.
4. Katika kijiji chetu magari hukwama wapi zaidi? Tunaweza kufanya nini mahali hapo kabla ya masika?