Hukwe Zawose na Kazi ya Kuurithi Utamaduni

Utamaduni hutajwa sana katika mikutano yetu, lakini ni mara chache unachambuliwa. Wako wanaouona kama mali iliyokwisha kukamilika, ambayo wahenga waliifungia sandukuni, na kwamba wajibu wetu ni kulifungua sanduku siku ya sherehe na kulifunga tena ngoma inapokwisha. Fikra hiyo si sahihi. Utamaduni ni kazi, na kama kazi nyingine zote unahitaji mfanyakazi, zana, muda na mwanafunzi. Maisha ya mwanamuziki Hukwe Zawose yanalithibitisha jambo hili.

Chimbuko la sera

Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alilihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri mpya ya Tanganyika. Alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukoloni ulikuwa umewalea wasomi waliojivunia kucheza rumba na chachacha, huku wakizionea haya ngoma za kwao. Taifa lenye kasumba ya namna hiyo, hata likiwa na bendera, bado halijajikomboa.

Lakini tamko la wizara halipigi zeze. Walihitajika watu wenye ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa vijijini. Mmoja wao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma, Dodoma, aliyekulia katika ufugaji na kujifunza muziki kwa baba yake. Katika miaka ya 1960 Mwalimu alimwita Dar es Salaam ili kipaji chake kilitumikie taifa. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose alikuwa miongoni mwa walimu wake. Aliishi Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003.

Tukumbuke hapa Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililosisitiza kwamba elimu na kazi visitenganishwe. Zawose alipata elimu ya namna hiyo tangu utotoni: machungani alikuwa mchungaji na mwanafunzi kwa wakati mmoja.

Je, wimbo wa jadi una mtunzi?

Wengine husema wimbo wa jadi ni wa umma, kwa hiyo hauna mtunzi. Kauli hii ina nusu ya ukweli. Umma ndio unaotoa lugha, mizani na sauti. Lakini lazima awepo mtu wa kuvifinyanga. Zawose alipiga ilimba, yaani marimba ya mkono ya Wagogo, na zeze, na akavikuza vyombo hivyo: zeze lake lilikuwa kubwa na lenye nyuzi nyingi kuliko lile la kawaida. Alitunga nyimbo mpya kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Hakuurudia urithi, aliuongeza.

Wako watu wa mataifa mengine waliofanya kazi inayofanana na hiyo. Komitas, padri wa Armenia aliyezaliwa mwaka 1869, alizunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima, kisha akazitungia sauti za kwaya. Aprili 1915 alikamatwa pamoja na wasomi wenzake wakati wa mauaji ya Waarmenia. Alinusurika, lakini akili yake iliumia, na alifariki Paris mwaka 1935. Sehemu kubwa ya nyimbo alizokusanya ilipotea. Zilizobaki zimekuwa msingi wa muziki wa taifa lake. Komitas alihifadhi kwa kalamu, Zawose kwa vidole na kwa wanafunzi. Njia ni mbili, lakini kazi ni moja.

Swali la thamani

Hatuna budi kulitazama pia jambo lisilopendeza. Baadhi ya albamu za Zawose zinazojulikana sana duniani, kama Chibite ya mwaka 1996, zilitolewa na Real World, kampuni ya Uingereza. Si kosa msanii kusikika ughaibuni. Lakini mkulima wa pamba wa Bunda anaifahamu hali hii: pamba huondoka kama nyuzi, ikarudi kama kitambaa chenye bei ya mwingine. Tukingoja wageni watupimie thamani ya zeze, tutakuwa tumeirudia kasumba ile ile ya kabla ya 1962 kwa mlango wa nyuma.

Wajibu wa Mara

Urithi wa Zawose haukuzikwa naye. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha. Katika muziki huo wanawake walikuwa wakiachiwa zaidi ngoma na uitikiaji, na sasa wanatunga na kuongoza. Hii ndiyo maana ya kurithi: kupokea na kusogeza mbele.

Mkoani Mara tuna litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo. Kila mpigaji mzee anayefariki bila mwanafunzi huondoka na nyimbo ambazo hakuna maktaba inayoweza kuzirudisha. Butiama ipo makumbusho ya Mwalimu, na ni vizuri. Lakini makumbusho huhifadhi chombo. Mkono wa kukipiga huhifadhiwa na mkono mwingine. Kwa hiyo shule zetu za Musoma, Bunda na Butiama ziwaite wapigaji hawa wafundishe, tena walipwe kama walimu, wala si kuwangojea wageni wa heshima ndipo waitwe kutumbuiza. Mwanafunzi mmoja anayejua kukaza nyuzi za litungu ana faida kwa utamaduni wetu kuliko hotuba kumi za kuusifu.