Maji ya Bomba: Kuchemsha Peke Yake Hakutoshi

Mara nyingi katika ukurasa huu wa afya tumesisitiza kuchemsha maji ya kunywa. Neno hilo hatulifuti. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huletwa na vijidudu, na vijidudu hufa maji yanapochemka. Lakini yako mambo mengine ndani ya maji ambayo moto hauyawezi. Mwezi huu tunawaletea habari za watu waliouziwa maji ya namna hiyo, tena wakiwa na mabomba ndani ya nyumba, maabara za kisasa na sheria zilizoandikwa vizuri. Ni watu wa jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. (Jimbo huko ni eneo la kiserikali lenye gavana wake, si jimbo la askofu.)

Marekani ina Sheria ya Maji Salama ya Kunywa tangu mwaka 1974. Kila anayesambaza maji kwa umma anapaswa kuyapima, kupeleka matokeo serikalini na kuwatangazia wateja. Mwaka 1991 ikaongezwa kanuni juu ya madini ya risasi, yale yale yanayotumika katika betri za magari. Zamani mabomba mengi ya kuingiza maji majumbani yalitengenezwa kwa risasi, na hadi leo mengine yamo ardhini. Kanuni hiyo ya 1991 ilisema hivi: maji yapimwe katika nyumba kadhaa, na ikiwa zaidi ya nyumba moja katika kila kumi ina risasi kupita mikrogramu 15 katika lita moja, mamlaka ya maji ichukue hatua. Hapo ni vizuri kuelewa jambo moja. Kupita kiasi hicho peke yake hakuhesabiwi kuwa kuvunja sheria. Anayevunja sheria ni yule asiyepima inavyotakiwa, asiyetia dawa ya kulinda mabomba, au anayenyamaza bila kuwaambia watu.

Sasa tuje kwenye mji wa Flint, wenye watu wapatao laki moja, wengi wao Wamarekani weusi, na wengi maskini tangu viwanda vya magari vilipopunguza kazi. Mji huo ulikuwa na madeni, hivyo gavana akauwekea meneja wa dharura mwenye madaraka kuliko madiwani waliochaguliwa na wananchi. Kwa miaka mingi Flint ilinunua maji kutoka Detroit, maji ya Ziwa Huron yaliyokwisha kusafishwa. Ili kuokoa fedha, tarehe 25 Aprili 2014 mji ukaanza kutumia maji ya Mto Flint.

Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa dawa ya fosfeti. Dawa hiyo hutengeneza utando mwembamba ndani ya bomba, na maji hayagusi madini yenyewe. Katika mtambo wa Flint dawa hiyo haikutiwa kabisa. Maji ya mto yalikuwa makali zaidi, yakaula ule utando wa zamani, kisha yakaanza kuyala mabomba. Kutu ya chuma ikayapa rangi ya kahawia, na risasi, ambayo haina rangi wala harufu wala ladha, ikaingia kimya kimya.

Watu walilalamika tangu mwanzo. Walibeba chupa za maji machafu hadi kwenye mikutano ya mji. Agosti na Septemba 2014 walitangaziwa wachemshe maji kwa sababu ya bakteria. Mji ukaongeza klorini, na Januari 2015 wakazi wakaarifiwa kwamba kemikali zinazotokana na klorini zimepita kiwango cha sheria. Na katikati ya hayo, Oktoba 2014, kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji ya mji kwa kuwa yalikuwa yanaharibu vipuri vya chuma. Chuma kilihamishiwa maji mengine, watoto wakaendelea kunywa yale yale kwa mwaka mzima!

Mama mmoja, LeeAnne Walters, aliona watoto wake wanatoka vipele na nywele zinakatika. Hakunyamaza. Mwanzoni mwa 2015 maji ya nyumba yake yalipimwa, yakaonyesha mikrogramu 104 za risasi katika lita, kisha 397. Akampigia simu mtaalamu wa serikali kuu, Miguel Del Toral, naye Juni 2015 akaandika waraka wa kuonya wakubwa wake. Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech alipopima maji ya nyumba hiyo, sampuli moja ilifika mikrogramu 13,200. Wakati huo huo taarifa rasmi ya mji kwa serikali ya jimbo ilisema hali ni ya kuridhisha. Ilikuwaje? Sampuli zilikuwa 71. Mbili zikaondolewa kwa hoja za kikanuni, mojawapo ya nyumba ya mama huyo, na kwa kuziondoa kipimo cha mji mzima kikashuka chini ya 15. Tena wakazi waliochukua sampuli walikuwa wameelekezwa waache maji yatiririke kwa dakika kadhaa usiku uliotangulia, jambo ambalo hupunguza risasi katika kipimo. Kwenye karatasi, maji yalikuwa mazuri.

Aliyeuvunja ukimya ni daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha. Tarehe 24 Septemba 2015 alionyesha takwimu za damu za watoto wadogo wa Flint: waliokuwa na risasi nyingi walikuwa wameongezeka karibu mara mbili baada ya maji kubadilishwa. Wasemaji wa serikali walimshutumu kuwa anawatia watu hofu. Baada ya siku chache wakakubali kwamba alisema kweli, na tarehe 16 Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Kwa nini madaktari wanaiogopa risasi kiasi hicho? Kwa sababu inaingia katika ubongo wa mtoto unaojengwa. Huchelewesha kujifunza, hupunguza utulivu darasani, na huleta upungufu wa damu. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Katika damu hupungua baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo cha kuchelewa chaweza kuonekana kizuri ilhali risasi imekwisha hamia mifupani. Humo hukaa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba huweza kutoka tena na kumfikia mtoto tumboni.

Zaidi ya hayo, kati ya 2014 na 2015 watu wapatao 90 wa eneo hilo walipatwa na homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wa Legionella, na 12 wakafa. Vijidudu vyake hustawi katika mabomba yaliyopungukiwa klorini, na mtu hupata ugonjwa kwa kuvuta hewa yenye matone madogo ya maji, kwa mfano bafuni. Maofisa walijua mapema, lakini wananchi walitangaziwa Januari 2016. Kesi za jinai dhidi ya wakubwa, akiwemo gavana wa wakati ule, ziliishia njiani kwa sababu za utaratibu wa mahakama. Fidia ya dola milioni 626 iliidhinishwa mwaka 2021.

Flint ilifanya jimbo zima lijichunguze. Mwaka 2018 Michigan iliamuru mabomba yote ya risasi yang'olewe, na ikabadili namna ya kupima: siyo lita ya kwanza tu inayotoka bombani, bali na ya tano, ambayo mara nyingi ndiyo iliyolala ndani ya bomba la risasi. Miji kadhaa iliyokuwa ikionekana salama ikapita kiwango ghafula. Maji hayakuwa yameharibika wiki ile. Kilichobadilika ni upimaji. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la kushukuru, ingawa magazetini lilisomeka kama balaa.

Hata hivyo kujua peke yake hakukutosha. Mji mdogo wa Benton Harbor ulipita kiwango cha risasi tangu 2018, na maji ya chupa yakaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 2021, baada ya vikundi vya wananchi kupeleka ombi serikali kuu. Nao mji wa Parchment ulikuwa na balaa la namna nyingine. Julai 2018 upimaji wa jimbo zima ulikuta humo kemikali za viwandani ziitwazo PFAS, zile zinazotiwa katika vitu visivyoshika mafuta wala maji. Watu wapatao 3,000 walikatazwa kuyanywa maji siku ile ile. Na sheria? Haikuwa imevunjwa hata moja, maana sheria ya kemikali hizo ilikuwa haijatungwa. Michigan ilitunga yake mwaka 2020.

Turudi jikoni kwetu. Risasi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani, risasi inabaki na kuwa nzito zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa madini ya floraidi, ambayo wasomaji wa kandokando ya Meru na Kilimanjaro wanayajua kwa meno yao ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, wala si kwa moto. Basi chemsheni kwa ajili ya vijidudu, na juu ya mengine ulizeni. Kamati ya maji ya kijiji au ofisi ya mamlaka ya maji iulizwe: kisima hiki kilipimwa lini, kilipimwa nini, na namba zilitoka ngapi? Jibu la "maji ni salama" bila namba lisikubaliwe.

Mahali penye wasiwasi wa risasi, asubuhi acheni maji yaliyolala bombani yatoke kwanza, mkayatumie kudekia. Ya kupikia yawe ya baridi, kwani maji ya moto ya bomba huyeyusha risasi zaidi. Mtoto anayenyonya ziwa la mama yuko katika hatari ndogo kuliko yule anayekorogewa maziwa ya kopo, ambaye karibu chakula chake chote ni maji. Wakubwa kidogo wapewe maharage, mboga za majani, dagaa na matunda kama machungwa na mapera, kwa kuwa mwili wenye chuma na chokaa ya kutosha hufyonza risasi kidogo.