Dola Moja Kwa Skrini

Saa tatu usiku, Umoja, stima imerudi tu saa hii, na kaza wangu amekaa kwa kitanda na lapi kwa magoti. Amepata wera yake ya kwanza ya kuandika kodi. Wadosi wako Ujerumani, seva iko Frankfurt. Asubuhi aliwatumia ufunguo wake wa ssh, jioni wakamshow akaunti iko tayari. Ameingia. Lakini kwa skrini hakuna jina yake, hakuna jina ya seva, hakuna rangi. Ni dola moja tu, na kamstari kanawakawaka pembeni.

$

Akafinya mshale ya juu ndio arudishe amri ya nyuma. Ikaandika ^[[A. Akafinya tena, ikawa ^[[A^[[A. Akajaribu Tab imalizie jina ya folda, ikaruka nafasi tu ka inaenda aya mpya. Akageuka akanicheki na macho ya mtu amevunja sahani kwa nyumba ya wageni.

"Brathe, nimeharibu seva ya wenyewe."

Hakuwa ameharibu kitu. Na hii ndio sababu naandika, ju nimeona wasee wengi wa mtaa wakifika hapo kwa hiyo dola moja alafu wanafunga lapi. Wanajiambia hii maneno ya seva ni ya watu wa chuo kubwa, wale wamekulia kwa komp. Wanaishia. Na shida yenyewe ni neno moja kwa laini moja ya faili moja, na hata si wao waliiandika.

Tuanze na sheli. Hapa kwetu ukisema sheli kila mtu anawaza pale nduthi zinaweka mafuta. Kwa Linux sheli ni ile programu inakaa kati yako na mashine. Unaandika, inasoma, inashika unataka nini, inapeleka ndani, alafu inakuletea majibu. Ziko nyingi. Stephen Bourne aliandika sh ya pale Bell Labs, ikatoka na Unix ya 1979. Miaka kumi baadaye, 1989, Brian Fox akatoa bash, na hiyo ndio wengi wetu tumefunzwa nayo bila kujua jina yake. 1990 Paul Falstad akaandika zsh, ile iko kwa Mac za siku hizi. Alafu kuna dash, mtoi wa ile sheli Kenneth Almquist alitengeneza.

Dash ndio ilikua imemshika kaza. Ni sheli ndogo, inakimbia, haina madoido. Ubuntu waliifanya ndio ijibu jina ya /bin/sh kuanzia toleo ya 6.10, mwaka wa 2006, ju seva ikiwaka kuna skripti mob sana za kuendeshwa na dash inazimaliza mbio kuliko bash. Hiyo ni kazi yake na anaifanya fiti. Lakini haijawekewa mambo ya kubonga na binadamu: mshale haurudishi amri ya jana, Tab haimalizi jina. Kwa hivyo ukiona ^[[A, hapo hakuna kitu imevunjika. Hiyo ni kibodi inatuma alama zake na sheli haina mtu wa kuzitafsiri.

Sasa kwa nini kaza alitupwa huko na si kwa bash? Kuna amri mbili za kuunda mtu mpya kwa seva, na majina yao yanakaa mapacha: adduser na useradd. Kwa Ubuntu na Debian, adduser inakuulizauliza maswali, inajenga nyumba yako kwa /home, inakopi faili za kuanzia kutoka kwa folda inaitwa /etc/skel, na inakupea bash. Useradd ukiiandika hivyo tu bila kuongeza kitu haijengi nyumba na inakupea sh. Kwa Fedora na Red Hat hakuna hiyo tofauti. Adduser huko ni jina lingine tu ya useradd, nyumba inajengwa na bash unapewa. Kwa hivyo admini mwenye amezoea huko akikuja Ubuntu anafanya venye mkono wake umezoea, na mgeni anapewa ufunguo wa keja yenye haina hata ndoo. Hakuna mtu alikua na roho mbaya.

Usikisie. Angalia. Nikamwambia kaza aandike:

getent passwd $USER

Ikarudi laini moja, vipande saba vimekatwa na nukta pacha. Jina, herufi x mahali paswadi ilikua inakaa zamani, namba yake, namba ya kundi, maelezo (yake ilikua tupu), nyumba yake, na mwisho kabisa: /bin/sh. Nikaweka kidole hapo kwa skrini. Hiyo kipande ya saba ndio inaamua ukiingia unapokelewa na nani. Ikiwa /usr/sbin/nologin utaambiwa akaunti haipatikani na utatolewa nje hapo hapo. Ikiwa /bin/sh unapata dola moja.

Hapa kuna mtego nimeona hata wasee wa miaka mob wakiingia. Watu wanakushow andika echo $SHELL ndio ujue uko kwa sheli gani. Hiyo haikuambii uko wapi saa hii. Inakuambia ile kipande ya saba ilisema nini ukiingia. Ya ukweli ni echo $0. Kaza akaijaribu, ikasema -sh. Nikamwambia andika tu neno bash, bonyeza Enter. Mara hiyo hiyo mshale ukaanza kufanya, Tab ikamaliza jina ya folda, na nikaskia amepumua. Echo $0 sasa ikasema bash, echo $SHELL bado ikasema /bin/sh. Zote mbili ziko sawa, kila moja inajibu swali yake.

Lakini hiyo ni ya usiku mmoja. Ukitoka unarudi kwa dola. Ya kudumu ni chsh -s /bin/bash, na kaza akaiandika vizuri kabisa, alafu ikamuitisha paswadi. Paswadi gani? Yeye alipewa kuingia na ufunguo, hajawahi kuwa na paswadi kwa hiyo seva. Akabonyeza Enter na ikamkataa. Akaanza tena kukunja uso, "si nilikushow."

Hapo inabidi uombe. Na hapa ndio penye nataka kukaa kidogo, ju si mambo ya komp tena. Sisi watoi wa mtaa tumelelewa tujisort. Kuuliza inakaa ka kukubali hujui, na siku ya kwanza kwa wera hakuna mtu anataka mdosi ajue hajui. Kaza alikua radhi aandike bash kila asubuhi kwa miezi sita badala ya kutuma meseji moja. Nimeona msee akifanya hivyo mwaka mzima. Lakini kuna kuuliza kwa mtu amepotea na kuna kuuliza kwa mtu ameshika. Ukituma "terminali yangu haifanyi" utapewa maswali kumi na utaskia mdogo. Kaza alituma hivi: akaunti yangu iliwekwa na /bin/sh, naomba uniekee bash, amri ni hii, sina paswadi kwa hivyo chsh inanikataa. Chini yake akaweka laini yenyewe:

sudo usermod -s /bin/bash kaza

Dakika nne, admini akajibu amefanya, na akamuomba msamaha. Kaza alisoma hiyo meseji mara tatu. Akatoka, akaingia tena, ju hiyo mabadiliko inashika ukiingia upya tu. Bash. Jina yake ikakuja, lakini bado hakuna rangi. Tukapiga ls -la kwa nyumba yake na tukapata folda moja tu, .ssh. Nyumba ilikua imejengwa na mkono, hakuna mtu alikopi faili za kuanzia. Hizo zimekaa pale pale kwa /etc/skel na mtu yeyote anaeza zisoma, haina haja ya kusumbua admini tena:

cp /etc/skel/.bashrc /etc/skel/.profile ~/

Akatoka, akaingia. Rangi zikakuja.

Siku mbili zikaisha. Alhamisi ananipigia, vifupi vyake vyote vimepotea. Alikua ameandika mistari yake ndani ya .bashrc, alias za kumsaidia kuchapa kazi haraka, zikafanya fiti siku nzima, asubuhi hakuna. Nikamuuliza kama kuna faili mpya kwa nyumba. Akasema ndio, kuna video alikua anafuata ikamwambia aunde .bash_profile.

Basi ni hiyo. Bash ikiwa sheli ya kuingilia, ile ya kupokea mtu ametoka nje na ssh, haisomi .bashrc kwanza. Inasoma /etc/profile alafu inatafuta nyumbani kwako faili tatu kwa foleni: .bash_profile, .bash_login, .profile. Chukua ni ka stage ya mathree. Ya kwanza ikifika unapanda, haungoji ingine hata ka ni tupu. Ile .profile ya Ubuntu ndio ilikua inabeba .bashrc mgongoni. Kaza alipounda .bash_profile, bash ikapanda hiyo, .profile ikaachwa stage, na .bashrc ikabaki nayo. Dawa ni kufuta hiyo faili ka hauna haja nayo, au kuweka ndani yake laini moja ya kubeba mwenzake:

[ -f ~/.bashrc ] && . ~/.bashrc

Mimi mwenyewe nilifunzwa na PATH. PATH ni orodha ya folda zenye sheli inatafuta amri ndani yake. Niliandika export PATH=$HOME/bin nikasahau kuongeza :$PATH mwisho, kwa seva ya kazi, usiku, nikiwa peke yangu. Nikaingia upya na ls ikapotea. Nano ikapotea. Hata sudo. Nilitetemeka mkono. Kumbe amri zote zilikua pale pale, ni sheli tu haijui pa kuzitafuta. Ukiandika anwani kamili, /usr/bin/nano, inafunguka, unarekebisha laini yako, unaishia kulala. Tangu hiyo siku sifungi dirisha ya kwanza ya ssh hadi nifungue ya pili na niingie salama. Nafanya hivyo hata nikigusa nukta moja. Na si PATH tu: admini akikupea sheli yenye haiko kwa seva, sema amekuandikia /bin/zsh na zsh haiko, ssh itakukataa mlangoni hata na ufunguo wako sawa. Hiyo dirisha ya kwanza ndio itakuokoa.

Kuna zingine za kupita mbio. Skrini ikiganda kabisa na haujui ulifanya nini, pengine ulifinya Ctrl na S ukitaka kusave. Finya Ctrl na Q, inaamka. Amri ya clear ikikataa ikisema haijui terminali yako, na unatumia kitu mpya ka kitty, andika export TERM=xterm-256color. Na usiwahi weka echo ya salamu ndani ya .bashrc bila kucheki ka kuna mtu kwa kibodi, ju scp na sftp zinapita hapo hapo, zikipata maneno zenye hazikutarajia zinakufa. Faili yako ya kutuma haitafika na utalaumu bando.

Na ju bando yenyewe inaeza isha, au stima ipotee vile Umoja hupotea, fungua tmux kila ukiingia. Kazi inabaki ikiendelea Frankfurt, wewe unarudi baadaye na tmux attach.

Jumapili kaza akakuja tena. Saa hii hakuwa na shida, alikua na wazo. Alitaka prompt yake, yale maneno hukaa kabla ya dola, iwake ka nganya. Nikamwonyesha PS1, ndio bash inasoma sura ya prompt kutoka hapo, akaandika yake ya zambarau, ikakuja safi. Lakini akiandika amri ndefu laini ilikua inarudi mwanzo na kujipanda yenyewe, herufi juu ya herufi. Akaanza kufuta kila kitu. Nikamshika mkono. Alikua amesahau kufunga alama za rangi ndani ya \[ na \], kwa hivyo bash ilikua inahesabu rangi ka herufi na inakosea upana wa prompt. Akarekebisha mwenyewe:

PS1='\[\e[35m\]\u@\h\[\e[0m\]:\w\$ '

Alafu akaniuliza ka anaeza weka rangi tofauti kwa kila seva. Nikamwambia ndio, na kuna watu hufanya hivyo kwa sababu: ile ya kujaribia vitu kijani, ile yenye wateja wako ndani nyekundu, ndio mkono ukitaka kuandika rm saa saba usiku macho ione kwanza. Akanyamaza akifikiria. Akafungua dirisha ingine, akaingia kwa ile ya wateja, akabadilisha 35 ikawa 31. Ile ya kwanza aliiacha wazi.