Kiunzi cha Mradi wa Kwanza: Kutunga Programu-Jalizi za Seva ya Mchezo

Mwanafunzi anayejifunza kutunga programu za kompyuta aghalabu huanza na zoezi dogo la kuandika maneno machache kwenye kioo. Zoezi hilo hufaa kwa siku mbili tatu, kisha huchosha, kwa kuwa programu ya namna hiyo haikutani na mtu mwingine wala na programu nyingine. Njia moja ya kuvuka hatua hiyo ni kutunga programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa iliyokwisha kuandikwa na wengine, ili kuiongezea kazi ambayo haikuwa nayo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandaa kiunzi cha mradi wa kwanza wa aina hiyo kwa ajili ya seva ya mchezo uitwao Minecraft, na kwa nini kiunzi hicho kinastahili kuandaliwa kwa uangalifu.

MCHEZO NA SEVA YAKE

Minecraft ulibuniwa na Markus Persson wa Uswidi. Ulitolewa kwa umma mara ya kwanza kwa majaribio mwaka 2009, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliinunua Mojang, kampuni yenye mchezo huo, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa.

Wachezaji wengi waweza kukutana katika ulimwengu mmoja wa mchezo. Ulimwengu huo haumo katika kompyuta ya mchezaji yeyote, bali umo katika seva, ambayo hupokea habari za kila mchezaji, huamua yaliyotukia, kisha huwarudishia wote matokeo. Seva hufanya kazi yake kwa mapigo, mfano wa moyo: mapigo 20 katika kila sekunde. Kwa hiyo kila pigo lina milisekunde 50 tu, na ndani ya muda huo wanyama wote hutembezwa, maji hutiririshwa, na vitendo vya wachezaji hupimwa. Tarakimu hiyo ya 50 yafaa ikumbukwe, kwani itarejewa hapa chini.

Toleo linalozungumziwa hapa limeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Maandishi ya Java hufasiriwa kwanza kuwa msimbo wa kati, na msimbo huo huendeshwa na programu maalumu iliyowekwa katika kompyuta. Kwa sababu hiyo, faili moja huweza kufanya kazi katika mtambo wa Windows na wa Linux bila kubadilishwa.

MLANGO WA KUINGILIA, NA FUNZO LA 2014

Seva rasmi ya Minecraft haikutengenezewa mlango wa kupokea programu-jalizi za Java. Mlango huo ulijengwa na watu wa kujitolea katika mradi uitwao Bukkit, ulioanza mwishoni mwa 2010. Waliandika kiolesura, yaani orodha ya matendo ambayo programu-jalizi yaruhusiwa kuyaomba kwa seva, pamoja na seva iliyorekebishwa ili iyatimize.

Septemba 2014 jengo hilo liliyumba. Seva iliyorekebishwa ilichanganya mambo mawili: maandishi ya wachangiaji, yaliyotolewa kwa leseni huria, na msimbo wa Mojang, ambao haukuwa huria. Mmoja wa wachangiaji wakuu alidai haki yake kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani, akisema kuwa leseni ya kazi yake haikuruhusu mchanganyiko huo. Faili ziliondolewa, na wenye seva wengi wakajikuta hawana mahali pa kupata toleo jipya. Mradi wa Spigot, uliokuwa umechipuka kutokana na Bukkit, ulipata njia nyingine: badala ya kusambaza seva iliyokwisha kujengwa, ulitoa chombo ambacho kila mtu hukitumia kuijenga seva katika kompyuta yake mwenyewe. Kutokana na Spigot ukazaliwa mradi wa Paper, ambao Desemba 2024 ulitangaza kwamba utashika njia yake peke yake.

Funzo lake kwa mwanafunzi ni dhahiri. Maandishi ya kompyuta ni mali ya aliyeyaandika, na swali la nani ana haki gani huulizwa siku ya kwanza ya mradi, si siku ya ugomvi.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

Vifaa ni vichache. Cha kwanza ni Java yenyewe, ile ya watungaji na wala si ile ya kuendeshea programu tu. Kwa toleo 1.20.5 la mchezo, lililotoka Aprili 2024, seva ilihitaji Java 21 au ya baadaye. Cha pili ni kihariri cha maandishi. Cha tatu ni chombo cha ujenzi, mathalani Gradle au Maven, ambacho huleta maktaba zinazohitajiwa na kufunga kazi yote katika faili moja. Cha nne ni seva ya majaribio, iliyo katika kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe.

Seva hiyo ikiwashwa mara ya kwanza, huandika faili iitwayo eula.txt na kuzimika. Hiyo si hitilafu. Mtumiaji hutakiwa ausome mkataba wa matumizi, kisha abadilishe neno false kuwa true kama anaukubali.

KUJENGA KIUNZI

Folda ya mradi ina mpangilio maalumu. Maandishi ya Java hukaa katika src/main/java, na faili nyingine zinazoambatana nayo hukaa katika src/main/resources. Katika folda hii ya pili huwekwa plugin.yml, ambayo ni mithili ya kitambulisho: seva huisoma kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mfano wake ni huu:

name: Salamu
version: 1.0.0
main: mfano.salamu.Salamu
api-version: '1.21'
commands:
  salamu:
    description: Kumsalimia mchezaji

Mstari wa main huielekeza seva kwenye darasa la Java la kuanzia. Herufi moja ikikosewa, hata kama ni kubwa badala ya ndogo, seva haitaliona darasa hilo na programu-jalizi haitapakiwa. Hali kadhalika, nafasi za mwanzo wa mistari hazina budi kuandikwa kwa kibonyezo cha nafasi, si kwa kibonyezo cha Tab.

Darasa hilo la kuanzia hurithi darasa liitwalo JavaPlugin, na lina sehemu tatu za kutosha kwa mwanzo. Ya kwanza ni onEnable, inayotekelezwa programu-jalizi inapowashwa. Ya pili ni onDisable, inayotekelezwa inapozimwa; hapo ndipo mahali pa kuhifadhi kumbukumbu zisipotee. Ya tatu ni onCommand, inayojibu amri iliyotajwa katika plugin.yml.

Jambo moja katika faili ya ujenzi hukosewa mara nyingi. Kiolesura cha seva kinahitajiwa wakati wa kufasiri maandishi tu. Wakati wa kuendesha, seva yenyewe tayari inacho. Kwa hiyo katika Gradle huandikwa compileOnly, na katika Maven huandikwa provided. Asiyefanya hivyo huweza kufungia ndani ya faili yake nakala ya kazi ya watu wengine: faili hunenepa bure, nakala mbili huweza kugongana, na mwanafunzi husambaza asichokusudia kusambaza.

Kazi ikishafungwa, faili yenye mwisho wa .jar hunakiliwa katika folda ya plugins, na seva huwashwa upya. Katika kujaribu mabadiliko, ni salama zaidi kuizima seva kabisa na kuiwasha tena kuliko kutumia amri ya kupakia upya, ambayo huweza kuacha mabaki ya toleo lililopita katika kumbukumbu.

KOSA LA MMOJA, ADHA YA WOTE

Sasa ile tarakimu ya 50 yarudi. Kazi kubwa ya ulimwengu wa mchezo hufanywa katika uzi mmoja wa utekelezaji, na amri za programu-jalizi kwa kawaida hupita katika uzi huo huo. Tuseme mwanafunzi ameandika amri inayosoma habari kutoka kompyuta ya mbali, na jibu limechelewa kwa sekunde 2. Sekunde 2 ni mapigo 40. Katika muda huo hakuna mnyama atakayetembea wala tofali litakalowekwa, si kwa aliyetoa amri tu, bali kwa kila mchezaji aliyemo. Pigo likikwama kwa sekunde 60, mlinzi aliyemo katika Spigot na Paper, kwa mpangilio wa kawaida, huichukulia seva kuwa imekufa na kuizima.

Dawa yake ni kuipeleka kazi ya kungoja katika uzi mwingine kwa kutumia mratibu wa kazi aliyemo katika kiolesura, kisha kurudi katika uzi mkuu wakati wa kuubadilisha ulimwengu. Hatua hii ya kurudi haifai kurukwa, kwa maana nyuzi mbili zikiubadilisha ulimwengu kwa pamoja, huharibiana kazi.

KATIKA DARASA

Kwa shule yapo mambo mawili ya kutia moyo. Kwanza, seva haina malipo, na amri kama ile ya salamu yaweza kujaribiwa kwa kuiandika katika dirisha la seva lenyewe; kwa hiyo hatua za mwanzo hazidai kila mwanafunzi anunue mchezo. Pili, maktaba zikishaletwa mara moja kwa mtandao, ujenzi waweza kuendelea katika kompyuta hiyo bila mtandao.

Mwalimu aweza kuligawa darasa katika makundi na kulipa kila kundi kiunzi kile kile, chenye faili ya leseni na maelezo mafupi ya jinsi ya kukijenga. Kisha makundi yabadilishane kazi, na kila kundi lijenge mradi wa jirani yake kwa kufuata maelezo hayo tu. Pale ambapo ujenzi utakwama, wanafunzi watafute chanzo katika kiunzi kabla ya kukitafuta katika msimbo. Zoezi la mwisho liwe kupachika programu-jalizi zote katika seva moja, ziwashwe kwa pamoja, na kila kundi lithibitishe kwamba kazi yake haijayapunguza yale mapigo 20 ya kila sekunde.